Kumweleza Mtoto Italia: Kwa Nini Mnara Umeinama, na Kwa Nini Mzee Haambiwi "Ciao"

Huku Malindi mtoto hulijua neno "ciao" kabla hajajua kujifunga kamba za viatu. Waitaliano wamekaa nasi miaka mingi. Wana majumba, mikahawa na maduka ya aiskrimu, na vibao vya Kiitaliano vimeenea kuanzia mjini hadi Watamu. Mtoto akimwona mzee wa Kizungu mwenye mvi anapita na fimbo yake, humpungia mkono na kupaza sauti, "Ciao!" Mzee hucheka, hujibu, yakaisha. Binti yangu amefanya hivyo tangu ana miaka mitatu. Alipotimiza tisa ndipo aliponiuliza, "Mama, ciao maana yake nini?" Nikakosa jibu. Safari yetu ya Italia ilianzia hapo sebuleni, bila tiketi wala viza.

Neno lenyewe lina kisa. Lilizaliwa Venezia, na katika lahaja ya huko lilikuwa "s-ciavo", yaani "mimi ni mtumwa wako". Ilikuwa salamu ya kujishusha mbele ya mwenzio. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni, maana shikamoo nayo wengi huieleza kuwa ni "nashika miguu yako". Ila salamu hizi mbili zimekwenda njia mbili. Shikamoo imebaki kwa wakubwa. Ciao imeshuka ngazi, ikawa ya marafiki, ndugu na watoto wenzako. Mwitaliano mtu mzima usiyemjua huambiwa "buongiorno" mchana na "buonasera" jioni, na katika mazungumzo husemeshwa kwa "Lei", kiwakilishi cha heshima, badala ya "tu" cha watu waliozoeana. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji somo refu hapo. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa aibu, "Kwa hiyo miaka yote hii yule mzee nimekuwa nikimwambia 'mambo'?"

Naam, ndivyo. Na tangu siku hiyo nimejifunza kitu kuhusu kumfundisha mtoto nchi ya mbali. Wengi wetu humfungulia ukurasa wa picha: mnara ulioinama, mashua nyembamba, uwanja uliobomoka, pizza. Mtoto hutazama, na kesho yake amesahau. Picha hizo humkaa akilini zikitanguliwa na swali, na Italia ina maswali tele, kwa sababu karibu kila kitu chake mashuhuri kilitokana na watu kupambana na shida ya mahali pao: tope, maji, majivu, au jirani asiyependeka.

Majina matatu yanayochanganya

Fundo la kwanza la kufungua ni Roma, Italia na Vatikani. Watoto huyachanganya, na watu wazima pia.

Roma kwanza ulikuwa mji, kisha mji huo ukawa dola iliyozizunguka pwani zote za Mediterania, Misri na Afrika Kaskazini zikiwemo. Upande wa magharibi wa dola hiyo ulianguka mwaka 476. Upande wa mashariki, wenye makao yake Konstantinopoli, uliendelea hadi 1453. Hili lina faida kwa watoto wetu hasa, kwa sababu anayesoma chuo cha Kurani na anayekwenda shule ya Jumapili wote wawili hulisikia neno Warumi. Waraka wa Paulo kwa Warumi ulikwenda kwa waumini waliokaa mjini Roma. Warumi wanaotajwa katika sura ya 30 ya Kurani ni wale wa dola ya mashariki. Jina ni moja, mahali ni pawili.

Italia kama nchi yenye serikali moja ni jambo la juzi. Ufalme wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861. Roma yenyewe ilitwaliwa mwaka 1870 na kufanywa mji mkuu mwaka uliofuata, na ufalme ukageuka jamhuri baada ya kura ya maoni ya 2 Juni 1946. Mwambie mtoto kwamba mnara wa Pisa ulianza kujengwa karibu miaka 700 kabla ya kuwapo nchi iitwayo Italia, umwone anavyokunja uso. Kabla ya hapo palikuwa na miji na falme ndogo ndogo: Venezia na meli zake, Firenze na benki zake, Genova, Milano, Napoli. Zilifanya biashara, zilipigana, zilioana. Na Vatikani ni dola nyingine kabisa iliyo ndani ya jiji la Roma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 0.44, yaani ekari kama 109. Ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1929. Papa ndiye mtawala wake, wala si mtawala wa Italia.

Kutoka hapo lugha inaeleweka upesi. Nchi ilipoungana, Waitaliano wengi hawakuzungumza Kiitaliano. Kila mtu alikuwa na lahaja ya kwao, na Mveneti na Msisilia wangeweza kukaa meza moja wasielewane. Kiitaliano cha leo kimetokana na lahaja ya Firenze, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na washairi na waandishi wakubwa, akiwemo Dante aliyefariki mwaka 1321. Sisi tunaijua habari hii. Kiswahili sanifu kilisimamishwa juu ya Kiunguja katika miaka ya 1920 na 1930, na Kimvita, chenye tenzi zake za kale, kikaachwa pembeni. Wazee wa Mombasa bado wana neno la kusema kuhusu uamuzi huo. Ukimweleza mtoto hivi, hatashangaa kusikia kwamba Mnapoli mpaka leo ana Kinapoli chake nyumbani.

Kopo la maziwa ufuoni

Sasa Pisa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona watoto wakielewa jambo kwa mikono yao.

Mnara ule ni mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pisa. Ujenzi ulianza mwaka 1173. Mji uko karibu na bahari, kwenye tambarare iliyojazwa na mito kwa maelfu ya miaka, na chini ya nyasi zile nzuri kuna mchanga, tope na mfinyanzi laini, tena si laini sawasawa kila upande. Msingi ulichimbwa kina cha mita kama 3 tu. Mafundi walipofika ghorofa ya tatu jengo likaanza kuzama upande mmoja. Kisha vita vikazuka na kazi ikasimama karibu miaka 100. Mtoto atauliza kama hiyo ilikuwa bahati mbaya. Ilikuwa bahati njema kabisa: miaka ile iliupa udongo nafasi ya kujikaza chini ya uzito. Wangeendelea kujenga bila kupumzika, wahandisi wanasema, mnara ungeanguka.

Kazi ilirejea mwaka 1272. Mafundi wapya wakajaribu kusahihisha kwa kuzifanya ghorofa za juu ziwe ndefu kidogo upande ulioinama. Ndiyo maana ukiutazama vizuri mnara haukunyooka hata katika kuinama kwake, umepinda kidogo kama ndizi. Chumba cha kengele kilikamilika karibu mwaka 1372. Jumla ni miaka 200, ghorofa nane, mita kama 56 na uzito wa tani 14,500 hivi.

Jumamosi moja tulikwenda ufuoni watoto watano na mimi, tukiwa na kopo refu la maziwa ya unga. Tulilijaza mchanga mkavu hadi likawa zito, tukalisimamisha kwenye mchanga ulioloa ambao upande mmoja tulikuwa tumeuchimbua na kuulegeza. Likainama. Nikawaambia: linyoosheni, lakini ni marufuku kuligusa. Mpwa wangu akakimbilia kujaza mchanga chini ya upande uliozama na kuushindilia. Kopo likatikisika na kuinama zaidi. Mwingine akamwaga maji upande wa juu, yakapita chini kwa chini na kuharibu zaidi. Nikawapa kijiko cha chai, nikawaambia wafikirie upande wa pili, ule ulionyanyuka. Binti yangu akapiga magoti, akaanza kutoa mchanga chini ya ukingo wa juu, kijiko kimoja kimoja, taratibu kama mtu anayekuna nazi mbele ya mgeni. Kijiko cha sita au cha saba, kopo likajirudi. Wakapiga kelele mpaka wavuvi wakageuka.

Walichokifanya wale watoto ndicho walichokifanya wahandisi wa Pisa. Hata kosa la mpwa wangu lina mwenzake katika historia: mwaka 1934 serikali ya dikteta Mussolini iliamuru saruji isukumwe ndani ya msingi ili mnara unyooke, na mnara ukazidi kuinama. Mwaka 1989 mnara mwingine wa kale, katika mji wa Pavia, ulianguka ghafla na kuua watu wanne. Serikali ikashtuka, ikaufunga wa Pisa Januari 1990. Wakati huo ulikuwa umeinama kwa nyuzi kama 5.5. Waliuwekea kwanza vipande vya risasi upande wa kaskazini kama uzito wa kuuvuta, kisha wakaingiza mabomba membamba kwa mshazari chini ya upande huohuo wa kaskazini, ulionyanyuka, wakatoa udongo kidogo kidogo. Kilele kikarudi zaidi ya sentimita 40, na mwishoni mwa 2001 watu wakaruhusiwa tena kupanda. Hawakutaka kuunyoosha kabisa. Waliurudisha tu katika hali iliyokuwa nayo mwanzoni mwa karne ya 19, hali ambayo ni salama.

Mzazi atakayebahatika kufika na familia ajue mapema: walio chini ya miaka 8 hawaruhusiwi kupanda, na machozi ya mtoto mlangoni hayasaidii.

Mji uliosimama juu ya magogo

Kwa mtoto wa pwani, Venezia ni rahisi kuliko kwa mtoto wa bara. Anajua boriti za mikoko. Anajua kupwa na kujaa. Ukimwambia kuna mji uliojengwa juu ya visiwa 118 vya tope, wenye madaraja zaidi ya 400 na usio na barabara za magari, swali lake la kwanza litakuwa la fundi: nyumba hazizami?

Waveneti walipigilia magogo kwenye tope, mengi na kwa kubanana, mpaka yakafika kwenye mfinyanzi mgumu au yakakazana yenyewe. Juu ya vichwa vya magogo walilaza mbao nene, na juu ya mbao wakaweka mawe meupe ya Istria yasiyopitisha maji kwa urahisi. Nyumba ikaanzia hapo. Daraja la Rialto, lililomalizika mwaka 1591, limesimama juu ya magogo yapatayo 12,000. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililoanza kujengwa mwaka 1631 wakati wa tauni, husemwa limechukua zaidi ya milioni moja.

Mbona hayajaoza? Hapa mtoto wa pwani ana ushahidi wake. Mpeleke kwenye nguzo ya zamani ya gati na umwonyeshe imeliwa wapi: ni pale maji yanapopanda na kushuka, ambapo mti unaloa na kukauka, unapata hewa kisha unakosa. Magogo ya Venezia yamezikwa ndani ya tope muda wote, mahali pasipo na hewa, na vijidudu vinavyoozesha mti haviwezi kufanya kazi yao vizuri humo.

Adui wa Venezia ni maji ya bamvua yakikutana na upepo. Bahari ya Adria ni kama mfereji mrefu uliofungwa juu. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma siku kadhaa husukuma maji yote kuelekea kichwani, na kichwani ndipo ulipo mji. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda hadi sentimita 194 juu ya kipimo cha kawaida. Siku hizi kuna milango 78 ya chuma iliyolala chini ya bahari kwenye miingilio ya wangwa. Maji yakitishia, hujazwa hewa na kuinuka. Iliinuliwa kuukinga mji dhidi ya mafuriko kwa mara ya kwanza Oktoba 2020.

Kuhusu gondola, ile mashua nyembamba ya Venezia, kuna kosa linalorudiwa hata na watu wazima, kwamba husukumwa kwa pondo. Mwenye gondola hutumia kasia moja, upande mmoja tu, amesimama nyuma. Mvulana yeyote aliyewahi kupiga kasia upande mmoja anajua chombo hugeuka na kuzunguka. Basi mafundi wa Venezia wakakijenga chombo kikiwa kimepinda makusudi: ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24, hivyo umbo linavuta huku, kasia linavuta kule, na gondola inakwenda sawa. Chombo chenyewe kina urefu wa mita 11 hivi na vipande vya mbao kama 280, vya miti ya aina nane. Nilipomsimulia fundi mmoja wa mashua hapa kwetu, aliacha randa yake, akachora mchangani kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima.

Jina San Marco, ambalo ni la kanisa kuu la Venezia, mtoto wa Malindi amekwisha kulisikia: ndilo jina la jukwaa la Waitaliano lililotumika kurushia roketi, lililo baharini pale Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka kutoka hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo pekee. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru.

Twiga, konokono na nungunungu

Kuna neno la Kiitaliano, "campanilismo", lililotoka kwenye "campanile", mnara wa kengele. Maana yake ni mapenzi ya mtu kwa mnara wa kwao, na kuuona wa jirani kuwa si kitu. Ukitaka mtoto aone neno hilo likitembea kwa miguu, mwambie habari za Siena.

Mji wa Siena umegawanyika katika mitaa 17, na mingi kati yake ina mnyama wake. Kuna Mtaa wa Twiga, wa Konokono, wa Kobe, wa Nungunungu, wa Kiwavi, wa Bundi, wa Bata Bukini. Kila mtaa una bendera, wimbo, kanisa, makumbusho na chemchemi ambapo watoto wa mtaa hupewa ubatizo wa kimtaa juu ya ule wa kanisani. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, mitaa kumi hushindana kwa farasi katika uwanja wa katikati ya mji. Ni mizunguko mitatu, bila matandiko, na yote huisha kwa dakika moja na nusu hivi. Farasi akifika wa kwanza ilhali mpandaji ameanguka njiani, mtaa umeshinda vilevile. Siku ya mbio farasi huingizwa kanisani abarikiwe, na kasisi humwambia aende na arudi mshindi.

Watoto wa Siena hukua wakijua mtaa upi ni hasimu yao. Mwenye jamaa Lamu ana njia fupi ya kulieleza hili: Mkomani na Langoni, na punda wanaokimbizwa ufuoni siku za Maulidi watu wamejaa hadi kwenye madari. Wangu walichora bendera zao. Wanne kati ya watano walitaka Twiga. Mdogo kuliko wote akachagua Konokono, na hakukubali kubadilisha.

Yasiyofaa kufichwa

Koloseo la Roma, ule uwanja wa kale uliobomoka, lina jambo ambalo mzazi hujikuta analipita haraka, na mimi naona tusilipite. Uzuri wake wa kiufundi hauna shaka. Lilianzishwa na Kaisari Vespasiano na kufunguliwa na mwanawe Tito mwaka 80. Lina kimo cha mita kama 48 na lilichukua watu 50,000 au zaidi, karibu sawa na Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam. Lilikuwa na milango 80, mingi ikiwa na namba iliyochongwa juu yake, ili kila mtu aende moja kwa moja kwenye sehemu yake. Matundu yanayoonekana kwenye mawe ni mahali palipokuwa na vyuma vya kuyashikanisha, ambavyo watu wa baadaye walivichokoa wakaenda kuvitumia.

Lakini watu walikuja pale kutazama vifo. Simba, chui na tembo waliletwa kutoka Afrika Kaskazini, na wanyama wengi wakapandishwa uwanjani kwa lifti za kamba zilizovutwa na watu chini ya sakafu. Mwanahistoria wa kale Cassius Dio aliandika kwamba katika michezo ya ufunguzi waliuawa wanyama 9,000. Wapiganaji wengi walikuwa watumwa na mateka. Mtoto wa miaka sita hahitaji maelezo yote. Wa miaka kumi anaweza kuambiwa ukweli, akaachwa auchukie. Binti yangu aliuliza kama wale waliokaa vitini walikuwa watu wabaya. Nilimjibu kwamba walikuja na watoto wao na vyakula vyao kama tunavyokwenda mpirani, na hilo ndilo linalonisumbua.

Pompeii nayo ni habari ya vifo, lakini ina upole wake. Mwaka 79 mlima wa volkano, Vesuvio, uliufunika mji kwa majivu na mawe. Miili iliyofunikwa ikaoza, ikaacha uwazi ndani ya majivu yaliyokuwa yameganda. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli aliagiza plasta imiminwe kwenye uwazi huo kabla ya kuchimbua, na umbo la mtu likatoka zima, na mikunjo ya nguo yake. Kwa mtoto mdogo anza na mkate. Imepatikana mikate ya mviringo iliyogeuka makaa, yenye alama za kukatia vipande vinane, kama vile mwokaji alitoka kidogo tu.

Jikoni

Chakula kina njia yake ya kufundisha lugha. Majina ya tambi za Kiitaliano ni majina ya vitu: farfalle ni vipepeo, penne ni kalamu, conchiglie ni makombe, orecchiette ni masikio madogo, linguine ni ndimi ndogo. Weka aina tatu mezani zikiwa kavu, mtoto abahatishe ipi ni ipi, atakuwa amejifunza maneno matatu kabla maji hayajachemka. Atashangaa tu kwamba hakuna sukari wala iliki.

Na akidhani sosi ya nyanya ni ya Kiitaliano tangu Adamu, mweleze kwamba Warumi wa kale hawakuwahi kuiona nyanya. Ilitoka Amerika katika karne ya 16, katika meli zilezile za zama zilizotuletea sisi mahindi na muhogo. Leo Mnapoli huionea fahari nyanya yake kama sisi tunavyouonea fahari ugali.

Miguu iliyokatwa

Kuna Italia ambayo mtoto wa Kenya anaweza kuigusa kwa mkono. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama ramani yake kutoka juu unaona kama mtu aliyelala chali, ana kichwa, mikono na miguu. Wasanii na wajenzi wa Italia wa zama hizo waliamini kwamba vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo vipimo vya uzuri. Ndiyo maana wanafunzi wanaotembezwa ngomeni na kuambiwa habari za mizinga peke yake hukosa nusu ya hadithi. Wape karatasi ya ramani na kalamu ya rangi, wamtafute huyo mtu.

Wazo hilo la vipimo mchoraji Leonardo da Vinci alilichora pia, karibu miaka 100 kabla. Watoto wakubwa watauliza kuhusu picha yake ya Mona Lisa, nawe uwaambie kwamba haipo Italia. Leonardo alikwenda nayo Ufaransa mwaka 1516 alipoalikwa na mfalme, akafia huko mwaka 1519, na picha ikabaki. Iliyobaki nyumbani ni Karamu ya Mwisho, na hiyo haiwezi kwenda popote kwa sababu ni ukuta. Iko Milano, katika ukumbi ambamo watawa walikuwa wakila chakula, na ina upana wa karibu mita 9. Leonardo aliichora kati ya 1495 na 1498. Desturi ilikuwa kupaka rangi kwenye lipu mbichi ili rangi na lipu vikauke pamoja, lakini njia hiyo inamtaka mchoraji aende haraka, naye alikuwa mtu wa kutafakari. Akachora kwenye ukuta mkavu. Rangi ikaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1652 watawa walitaka mlango wa kupitia, wakautoboa ukuta chini katikati, wakaikata miguu ya Yesu. Agosti 1943 bomu liliubomoa ukumbi, na ukuta ule ukabaki umesimama nyuma ya mifuko ya mchanga iliyokuwa imepangwa kuukinga. Kazi ya mwisho ya kuusafisha ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi 1999, na leo wageni huingia wachache wachache na kukaa dakika 15 tu.

Nakala ya picha hiyo imetundikwa juu ya meza ya chakula nyumbani kwa mama yangu tangu nikiwa mdogo, imefifia, na kona moja ina alama ya moshi wa koroboi. Nilipomaliza kumsimulia binti yangu habari za ule mlango, aliburuta kiti hadi ukutani, akapanda, akasogeza uso mpaka pua karibu iguse kioo. Bibi yake akamuuliza anatafuta nini humo.

"Miguu, Bibi," akasema. Akatazama tena. "Ipo. Basi hii kuna mtu aliichora upya."